Difu ya Embogo Ingali Tupu

Shangazi, shikamoo.

Najua hutaitika, lakini ulinifundisha kwamba mtu hata akiwa na hasira lazima asalimie kwanza. Basi nimesalimia. Nina hasira, Shangazi. Nina hasira tangu juzi. Mikono yangu nimeisugua kwa majivu na sabuni na bado inanuka, na kesho kutwa narudi shule huku gari lako la mbio likiwa juu ya magogo, difu yake, lile boksi la gia za nyuma, tupu, haina hata tone la oili. Mama anasema hicho ni chuma tu, kitangoja. Bibi anasema nimwachie Mungu. Wewe peke yako ndiye ungekasirika pamoja nami, kwa hiyo nakuandikia wewe.

Nianze na yaliyobadilika, maana uliondoka ghafla. Ulirudi kutoka kuendesha lori la kahawa ukasema ni uchovu wa safari, ukalala, na kabla wiki haijaisha tulikuwa tumekulaza kibanjani, kwenye migomba ya Bibi, upande ule wenye kivuli. Watu wa hapa Ihembe waliosema kila siku kwamba lile gari la mbio litakuua walikuja msibani wakakosa la kusema. Ulifia kitandani. Gari lilikuwa nje, limeoshwa.

Tulilisukuma hadi karibu na uwanja wa kuanikia kahawa tukalifunika turubai. Watoto bado wanaliita Embogo, nyati, kwa sababu ya ule mngurumo wa eksozi na lile tundu juu ya boneti lililokaa kama pua. Dirisha moja liliachwa wazi, na kuku mweupe wa Bibi akaingia akatagia kwenye kiti chako. Nilimtoa. Akarudi. Nikafunga dirisha, na sasa ananiangalia kama mimi ndiye mwizi.

Halafu wazee walikaa kugawa vitu vyako. Vitenge havikuwa na shida, kitanda hakikuwa na shida. Walipofika kwenye gari wakakwama. Baba ndiye pekee anayejua kuendesha, na yeye alishasema zamani kwamba mzee wa kanisa hawezi kuonekana ndani ya gari linalonguruma namna ile. Baba mdogo ana pikipiki yake ya bodaboda na hataki kingine. Mtu mmoja wa vipuri alikuja kutoka Kayanga. Alilizunguka, akagonga mlango kwa kidole kama anayenunua tikiti maji, akasema injini ina mteja, milango ina wateja, na kitakachobaki kitakwenda kama chuma chakavu.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria la maharage. Hakuna aliyeniuliza, lakini nilisema. Nilisema gari ni zima. Linalia nyuma tu likikata kona, na hiyo ni oili ya difu iliyochoka, na Shangazi alishaagiza nyingine kutoka Mwanza, ipo stoo, alikufa kabla hajaimimina.

Walicheka, Shangazi. Yule mjomba wenu mkubwa alisema, "Shangazi za watu hufundisha binti kukaa na mume. Huyu wa kwetu amefundisha difu!" Wakacheka tena.

Baba hakucheka. Aliniangalia kwa muda, kisha akasema, "Likizo ya Juni. Kabla hujarudi shule, gari hili liende Nyaishozi na kurudi. Nitaliendesha mwenyewe, jioni, watu wasinitambue. Likienda bila kulia, litabaki hapa likusubiri ukue. Likilia, namwita huyu bwana alikate."

Ndiyo hivyo. Muhula mzima nilikuwa nawaza nati mbili.

Unakumbuka ulivyonionyesha mara ya kwanza? Nilikuwa darasa la sita, ulinilaza chini ya Embogo juu ya gunia, ukaweka kidole changu kwenye nati ya juu, ukasema hii ni ya kujazia, kisha kwenye ya chini, ukasema hii ni ya kumwagia. "Unafungua ipi kwanza?" Nikasema ya chini, maana tunataka kumwaga. Ukanipiga kikofi cha paji la uso. "Ya juu kwanza, mwana wange. Ukishamwaga halafu ya juu ikagoma, umebaki na gari lisiloweza kwenda hata kwa fundi." Ukanieleza kwamba ndani ya difu ya gari la mbio kuna sahani zinazobanana, ili kwenye tope magurudumu yote mawili yasukume, lisizunguke moja bure. Sahani hizo zina oili yake. Ukizipa oili ya lori zinakwaruzana, zinalia, mwisho zinaungua. Ulisema, "Hii si supu. Huongezi chochote ulichokuta jikoni."

Nilifanya kila kitu kama ulivyosema. Nataka ujue hilo kabla sijafika kwenye ubaya.

Nilimwomba Baba aliwashe, alizungushe mpaka barabarani na kurudi, oili ipate joto ishuke vizuri. Likalia kwenye kila kona kama mlango wa ghala. Baba akashuka, akaingia ndani. Tukalipandisha juu ya magogo ya mkaratusi aliyoyakata Baba mdogo, mbele na nyuma, kwa sababu gari lisipolala sawasawa oili itaanza kumwagika tunduni kabla haijatosha. Niliazima kwa fundi wa nyumba mpira wake wa maji, ule wanaopimia msingi, nikapima pembe zote nne. Maji yalisimama sawa. Mwalimu wetu wa fizikia angefurahi.

Baba mdogo alinisaidia siku nzima, na ilikuwa siku nzuri, ndiyo maana inaniuma zaidi. Aliniita fundi mkuu. Alikuwa ananipa spana kwa mikono miwili kama anayetoa sadaka. "Waitu Koku, mtoto wetu," akasema, "siku ukiolewa sisi hatutataka ng'ombe. Tutataka seti ya spana." Mama akamjibu kutoka jikoni kwamba kwa mikono ile hakuna atakayekuja, na wote tukacheka.

Nati ya juu iligoma. Tuliingiza bomba la maji kwenye mpini ili uwe mrefu, tukaning'inia wote wawili. Ikalia kwa mlio mkali, nami nikajua nimeivunja, machozi yakanitoka palepale. Haikuvunjika. Ilikuwa imekubali. Ndipo nikafungua ya chini, na oili ya zamani ikashuka kwenye beseni, nyeusi, nzito, na ule uvundo wake. Nikaipangusa sumaku ya nati kwa kitambaa cheupe. Unga laini tu, Shangazi, kama masizi. Hakuna kipande, hakuna jino lililovunjika. Difu yako ni nzima. Nilifurahi mno, nikamwonyesha Baba mdogo kile kitambaa, na yeye akakiangalia kwa heshima ingawa najua hakuelewa anaangalia nini.

Nikafunga ya chini. Nikaenda stoo kuchukua kidumu chako.

Kilikuwa pale pale juu ya magunia, kizito kama kilivyotakiwa kuwa. Nilikuwa nimekinyanyua siku niliyofika likizo ili kuhakikisha. Nashukuru tu kwamba nilimimina kwanza kwenye chupa ya maji, ile tuliyoitoboa kizibo na kuchomeka mpira, sikupeleka moja kwa moja. Kwa sababu kilichotoka kilikuwa cheusi. Chepesi kama chai. Kinanuka moshi.

Oili chafu. Ya pikipiki.

Nilimwita Baba mdogo. Nilidhani mtu ameiba, au mtoto amechezea. Yeye akanijibu vizuri kabisa, bila wasiwasi, kama mtu anayetegemea kushukuriwa: "Ile ya humo? Si nilipaka msalaba wa dada. Nikarudishia nyingine, kidumu kisikae kitupu."

Nisikilize vizuri, kwa sababu hata mimi ilibidi aniambie mara mbili. Msalaba wako wa kwanza uliliwa na mchwa. Hatukukuambia. Ulianza kuinama, na Bibi alipoushika ukabaki mkononi mwake. Baba mdogo akakuchongea mwingine wa mti wa msizi, akaulainisha kwa msasa mpaka ukawa kama kiti cha askofu. Na unajua hapa kwetu nguzo yoyote inayoingia ardhini hupakwa oili chafu ili mchwa wasiiguse. Zizi linapakwa, choo kinapakwa, uzio unapakwa. Alichukua oili yake chafu na brashi akaenda kaburini. Na alipofika hakuweza.

"Nilishindwa, Koku," akaniambia. "Dada alikuwa mtu msafi. Nimpake uchafu wa pikipiki? Nikakumbuka kuna yake mwenyewe stoo, mpya, inang'aa kama asali. Nikasema hiyo ndiyo stahili yake. Oili si oili?"

Oili si oili!

Nilipiga kelele, Shangazi. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii baba yake mdogo. Nilimwambia ameliua gari kwa brashi. Nilimwambia bora angeacha mchwa waule. Mama alitoka na mwiko mkononi akaniamuru ninyamaze. Baba mdogo alikwenda kwenye ndoo akanawa mikono polepole sana, akakaa chini mbali na gari.

Mimi nikaja kwako. Ulikuwa umesikia kelele, bila shaka. Nilitaka kuona kwa macho yangu. Msalaba unang'aa, mti umeinywa oili yote, umegeuka rangi ya kahawa iliyokaangwa. Chini yake mchwa wamejenga njia zao za udongo kuelekea kwako, na zote zimekoma kabla ya kufika. Hakuna msalaba mwingine Karagwe nzima, na Kyerwa niongeze, uliopakwa oili ya difu ya gari la mbio iliyosafirishwa kutoka Mwanza kwa basi. Nikuambie ukweli, niliwaza kama inaweza kukamuliwa. Nilisogeza pua karibu, ikanuka kama ulivyokuwa unanuka Jumamosi ukitoka chini ya gari kuja kula. Nikabaki nimesimama. Nilikuwa na hasira na mtu ambaye kosa lake ni kukupenda, na hasira ya namna hiyo sijui inapelekwa wapi.

Jana asubuhi Baba mdogo aliwasha pikipiki akasema tu, "Panda." Tulikwenda Nyaishozi. Mzee Abdala wa duka la vipuri alitusalimia, akakuombea rehema, akatusikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atacheka. Alitikisa kichwa tu.

"Binti yangu," akasema, "oili ya gia ninayo tele, lakini hii ni ya malori. Ile ya marehemu siiweki dukani kwa sababu mnunuzi wake alikuwa yeye peke yake. Nikikuuzia hii utanishukuru leo, na mwezi ujao utanilaani. Mimi babu zangu walitoka pwani na biashara hii, sitaki iharibiwe na laana ya mtoto wa shule."

Akapiga simu Mwanza. Oili ipo. Itakuja na basi. Itafika wiki ijayo, mimi nikiwa nimeshaondoka.

Tulipotoka nje Baba mdogo alinishika bega. Alisema tununue ile ya lori, tuimimine, gari liende Nyaishozi na kurudi, Baba aridhike, yule bwana wa Kayanga asiitwe, halafu ya kweli ikifika tutabadilisha. "Safari moja tu, Koku. Kwenda na kurudi. Dada angetuelewa."

Ungetuelewa? Nilisimama pale barabarani nikakufikiria kwa bidii. Labda lingefika. Labda tungeweka oili nzito na hata sauti ingepungua, na Baba angesema sawa. Lakini sahani zingekuwa zinakwaruzana ndani, kona baada ya kona, na aliyeziweka katika hali hiyo ningekuwa mimi, ambaye niliambiwa. Nikasema hapana. Nilisema hapana huku nikijua maana yake, na nilikuwa na hasira zaidi kwa sababu hakuna aliyenilazimisha.

Jioni nilimwambia Baba kwamba difu ni tupu na gari halitakwenda popote likizo hii. Sikumwambia kwa nini. Akasema, "Basi," kwa ile sauti yake ya kufunga kikao, akatoa simu mfukoni atafute namba ya yule bwana.

Baba mdogo alikuwa ameketi kizingitini. Akasema, "Kaka, simu iache kwanza. Oili iko juu ya dada."

Baba hakuelewa. Nani angeelewa? Ilibidi twende wote watatu mpaka kaburini, na Baba mdogo akamweleza kila kitu akiwa amesimama wima kama anatoa ushahidi. Hakujitetea hata kidogo. Baba aliupapasa msalaba wako juu, akashuka mpaka chini kwenye zile njia za mchwa zilizokoma. Akanusa kidole.

"Inanuka kama yai viza," akasema.

Halafu akacheka, Shangazi. Yule kaka yako. Alicheka mpaka akashika mgomba, na Bibi akatoka nje kuuliza nani amefika. Sijamsikia Baba akicheka tangu tukuzike, na nilikuwa nimekasirika sana kiasi kwamba sikuweza kucheka naye. Alipofuta macho akarudisha simu mfukoni. "Desemba," akaniambia. "Likizo ya Desemba, safari ni ile ile. Sisogezi tena."

Ninapaswa kushukuru, na nimeshukuru. Lakini kuna jambo ambalo wao hawalioni na wewe umeshaliona. Difu haiwezi kukaa kavu mpaka Desemba. Pamoja na ukungu huu wa asubuhi na mvua zitakazofuata, meno yatapata kutu. Oili ikifika wiki ijayo lazima imiminwe wiki hiyo hiyo, na mimi nitakuwa bwenini nikisikia kengele. Atakayeimimina ni nani? Ni yule yule. Ni Oili-si-oili.

Nilikaa na hilo usiku, nikaamka nalo. Leo nimemlaza Baba mdogo chini ya Embogo juu ya gunia.

Nikamshika kidole nikakiweka kwenye nati ya juu. Nikamuuliza hii ni ya nini. Akasema ya kumwagia. Nikataka kulia. Tukaanza upya. Nilimfundisha kuipandisha ile chupa juu kuliko difu na kuiacha oili ishuke yenyewe bila kuikamua kwa pupa. Nilimwambia asiguse magogo, asisogeze gari hata kidogo, na kama kuku ataingia chini yake amtoe kwa maneno. Akarudia kila hatua kwa sauti, mtu mzima na masharubu yake, amelala chali, majani ya migomba yakimwangukia. Akikosea namrudisha mwanzo. Nilijisikia nikiongea kama wewe, na ukali wako wote.

"Nitajuaje imetosha?" akauliza.

"Itaanza kuchuruzika yenyewe kwenye tundu. Ikichuruzika, acha, funga."

Akarudia. Ikichuruzika, acha, funga. Akapangusa masharubu kwa mgongo wa mkono, akauliza bila kuniangalia, "Na ikibaki kwenye kidumu?"

Tangu juzi nilikuwa sijamwomba radhi, na nilijua kwamba hapo ndipo mahali pake, lakini neno lilinikwama. Nikamwambia tu, "Ikibaki, mpake Shangazi mara ya pili."

Alitoka chini ya gari akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema ni vumbi la magogo. Baadaye nimemwomba radhi vizuri, kwa shikamoo na yote. Akaniambia nisijali, ila niongee taratibu na mwanaume nitakayempata, maana si kila mtu ana moyo kama wake.

Bado nina hasira, Shangazi. Imepungua, lakini ipo. Nilitaka kuisikia Embogo ikipanda kilima cha Nyaishozi kimya likizo hii, kazi yangu mwenyewe, ili wale waliocheka wasikie pia. Badala yake nakwenda shule na kazi nusu, na nusu nyingine nimemwachia mtu asiyejua juu na chini. Hata hivyo leo, mara ya mwisho kabla ya kukusanya spana, alitaja zote mbili bila kukosea. Nimeamua kuamini hiyo.

Nakuaga sasa, nikafunge sanduku. Ahadi yangu ni hii: Desemba, kabla Baba hajawasha gari, nitaingia chini mwenyewe, nitafungua nati ya juu na kutia kidole ndani mpaka niiguse oili. Halafu nitakaa kiti cha nyuma, juu ya difu kabisa, nisikilize kila kona. Likilia, nitasema limelia. Sitamdanganya Baba, hata kwa ajili yako.

Na wewe pale ulipo utege sikio jioni hiyo. Ukisikia barabarani mngurumo wa mbele bila kilio cha nyuma, ni sisi, tunakwenda Nyaishozi.

Mwanao,
Koku